Kosa la Kuvuta Kupita Kiasi

Kwa furaha kubwa na mihuri mitatu, Serikali iliwatangazia watu wote wa Mgodi wa Isagala, wa rangi zote na kwa mpangilio wa rangi hizo, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, mwaka 1953, makosa yangekuwa yanasamehewa. Si makosa yote, wala si ya watu wote, wala si kila siku. Yangesamehewa Jumatatu na Alhamisi, saa nne hadi saa sita, mbele ya Kamati ya Kudumu ya Muda ya Nafasi ya Pili.

Tangazo lile lilipigwa chapa na Donatus, karani mkuu wa boma dogo la mgodini. Alikuwa mkuu kwa sababu karani mwingine hakuwepo. Alivaa tai hata siku za jua la kukausha muhogo, na mfukoni aliweka kalamu mbili, moja ikiwa na wino. Alikuwa hajaoa. Alisema anatafuta mke mwenye hati nzuri, na hadi ampate alikula kwa dada yake, Eufrasia, mkewe mchimbaji Makoye.

Alilisoma tangazo mbele ya foleni ya posho, kwa sauti ya kanisani. Watu wakasikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha wakauliza kama nyama imekuja.

"Serikali inawapa msamaha, nyinyi mnauliza nyama!" akasema Donatus.

"Msamaha tutakula na nini, karani?" mtu mmoja akamjibu kutoka nyuma.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini Serikali ilishikwa na huruma ghafla namna ile, kama mtu aliyeshikwa na homa sokoni, hana budi kurudi nyuma mwezi mmoja, hadi sikukuu ya kutawazwa kwa Malkia.

Siku hiyo palikuwa na michezo. Mbio za magunia, kupanda mlingoti uliopakwa mafuta, na mwisho wa yote, kuvuta kamba: Wazungu wa mgodi upande mmoja, wachimbaji wa shimo la pili upande mwingine. Ratiba ilikuwa imepigwa chapa wiki nzima kabla, ili kuepusha vurugu. Ilisema hivi: saa tisa na nusu, kuvuta kamba, saa kumi kasorobo, Wazungu kupokea kikombe.

Ratiba hiyo ilikuwa ya Kiingereza. Makoye hakujua Kiingereza. Makoye alijua mashine ya kutobolea miamba, ambayo watu wengine waliishika wawili wawili na yeye aliishika peke yake huku anapiga mluzi. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa Kharumwa, mpole, mwenye kifua kama mlango wa ghala. Wenzake wakamweka wa mwisho kabisa, wakamzungushia kamba kiunoni.

Filimbi ikalia. Walioshuhudia wanakubaliana kwamba Makoye hakuvuta hasa. Alikaa. Alikaa polepole, kama mtu anayekaa mbele ya sahani ya ugali, na Wazungu wanane wakaja. Walipita kwenye mstari wa chokaa, wakapita kwenye tope la mahali pa kunyweshea ng'ombe, na wa mwisho wao, aliyeng'ang'ania mguu wa meza kwa matumaini, akaja na meza, na juu ya meza palikuwa na keki ya mabibi. Meneja akapoteza kiatu. Bwana Shauri, mkuu wa boma lile, akapoteza filimbi na heshima. Filimbi ilipatikana siku ile ile.

Makoye alihukumiwa kabla keki haijafutwa ndevuni mwa watu. Shtaka lilikuwa kuvuta kupita kiasi kilichokusudiwa. Mashahidi walikuwa wanane, na ushahidi wao ulikuwa na nguvu, maana wote walikuwa wamelala kifudifudi wakimtazama. Akapigwa marufuku kushika kamba ya aina yoyote katika Jimbo la Ziwa, hata ya mbuzi. Jina lake likafutwa katika daftari la mgodi. Na nyumba yake ya kambini, vyumba viwili vya bati, akaamriwa aihame mwisho wa mwezi wa nane.

Hukumu hiyo aliipiga chapa Donatus. Nakala nne.

"Kaka," akasema Eufrasia jioni ile, akimwekea chakula, "umeandika vizuri. Sikuona hata kosa moja."

"Ahsante."

"Sasa niambie. Klara yuko darasa la pili hapa misheni. Kijijini kwa baba yake hakuna shule ya wasichana, kuna mbuzi. Mwanangu atasoma kwa mbuzi yupi?"

Donatus akasema jambo hilo liko juu ya ngazi yake. Eufrasia akamwuliza ngazi yake ina vidaraja vingapi. Makoye, ambaye alikuwa anakula, akasema, "Mama Klara, mwache shemeji ameze."

Ndipo akaja Mmarekani.

Mgodi ulikuwa umemwajiri kusimamia ustawi wa wafanyakazi, na alikuja na viatu vya rangi mbili na hadithi ya maisha yake. Kwao alikuwa mchezaji maarufu wa mchezo fulani wa kuupiga mpira kwa rungu na kisha kukimbia kuzunguka uwanja hadi pale pale mtu alipoanzia. Halafu akaingia siasa, ambazo alisema hazina tofauti kubwa. Aliwahi kumtukana mchezaji mwenzake, mtu mweusi, mbele ya uwanja mzima, matusi ya rangi na ya ukoo. Magazeti yakamshukia. Watu wakamhukumu. Basi akaenda kwenye redio, akalia.

"Nililia dakika kumi na moja," alimwambia Bwana Shauri barazani, wakinywa chai, Donatus akiwa pembeni na daftari. "Wiki iliyofuata nikachaguliwa tena kwa kura nyingi kuliko mwanzo. Nchi yangu inaamini katika nafasi ya pili."

Bwana Shauri alivutiwa sana. Donatus akaomba ruhusa ya kuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu.

"Na yule mtu mweusi, Bwana?"

"Yupi?"

"Uliyemtukana."

"Ah! Yeye walimwuliza kama amenisamehe, akasema anafikiria. Timu ikamwacha, maana alikuwa anavuruga umoja."

"Naye alipewa nafasi ya pili?"

Mmarekani akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Ya nini? Nafasi ya pili ni ya waliokosa. Yule hakukosa kitu."

Donatus akaandika. Aliiona kuwa fikra nzito, na kama fikra zote nzito, alihisi imemkanyaga mahali fulani lakini hakujua ni wapi. Wachimbaji, ambao waliipata hadithi ile siku ile ile kupitia kwa mpishi, hawakuandika kitu. Walimpa yule mgeni jina la Bwana Machozi, wakaendelea na kazi.

Hivyo ndivyo Kamati ilivyozaliwa. Kanuni zake zilijaa kurasa kumi na nne, na kifungu cha tatu kiligawa msamaha kwa haki isiyo na upendeleo. Mzungu aliyekosa angepewa nafasi ya pili papo hapo, asije akapotezewa muda. Mhindi angepewa baada ya maombi na picha mbili. Mwafrika naye angepewa, mradi aambatishe cheti cha kuthibitisha kwamba nafasi ya kwanza alikwisha kuipata.

Donatus alikitafuta cheti hicho kwa ajili ya shemeji yake, kwa uaminifu wote. Aliandika Mwanza. Mwanza wakamwambia aulize Shinyanga. Shinyanga wakasema ni jambo la Dar es Salaam. Dar es Salaam wakajibu, kwa karatasi nzuri yenye nembo, kwamba cheti hutolewa na karani wa mahali mwombaji anapoishi. Donatus akaisoma barua ile mara mbili, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akajiambia fomu hana.

Bwana Shauri, ambaye hakuwa mtu mbaya kuliko sheria ilivyomtaka awe, akasema cheti kiachwe, Makoye aletwe.

Vikao vilianza kwa mafanikio. Fundi mmoja wa mitambo, Mzungu, alikuwa amepitisha lori katika ukuta wa zahanati. Kamati ilimpa nafasi ya pili kwa dakika nne, bila yeye kuwepo, kwa kuwa alikuwa bado amelala. Alhamisi akapitisha lori katika ukuta wa pili, akapewa nafasi ya pili ya ile nafasi ya pili. Ndipo akaitwa Makoye. Ukumbi ukajaa, na waliokosa nafasi wakaning'inia madirishani.

"Mwulize kama anakiri," Bwana Shauri akasema.

"Unakiri?" Donatus akamwuliza.

"Nakiri nini, shemeji?"

"Hapa usiniite shemeji. Hapa mimi ni Kamati."

"Haya. Nakiri nini, Kamati?"

"Kwamba ulivuta."

"Nilivuta. Kwani ile kamba nilipewa niipikie?"

Watu wa madirishani wakacheka. Donatus akatafsiri: "Anasema hakuelewa vizuri matumizi ya kamba."

Bwana Machozi akainama mbele, uso umejaa huruma. Akasema mambo ya kukiri yasubiri, kwanza mtu huyu alie. Pasipo machozi, watu watajuaje kwamba amebadilika?

"Bwana anasema ulie," Donatus akasema.

Makoye akatazama kulia na kushoto. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Lilie kosa lako."

"Kamati, sikiliza. Mama yangu alipokufa nilikwenda porini, nikalia huko nikiwa peke yangu, nikanawa uso, nikarudi. Leo nilie mbele ya meza na akina mama wanachungulia, kwa sababu Wazungu ni wepesi?"

"Anasema," Donatus akatafsiri, jasho likishuka kwenye tai, "machozi anayo, ila vumbi la shimoni limeyakausha."

"Je, moyoni mwake anaamini kwamba amekosa?" akauliza Bwana Machozi.

Swali hilo Donatus alilitafsiri sawasawa, kwa kuwa lilikuwa fupi na halina mahali pa kujificha. Makoye akafikiri. Alikuwa mtu asiyependa kumwongopea mtu usoni.

"La," akasema. "Nilishinda."

Kamati ikajitenga chumba cha pili kwa dakika saba, na kutoka na uamuzi ambao hadi leo ungestahili kufundishwa mahali fulani. Donatus akausoma: "Ombi la Makoye limekataliwa kwa kuwa mwombaji hana kosa, na nafasi ya pili ni ya wenye makosa. Adhabu inabaki kama ilivyo."

Halafu Eufrasia, dirishani, akasema si kwa sauti kubwa, "Umeandika vizuri tena, kaka."

Sasa hapa ni lazima isemwe habari moja ya Wasukuma, ambayo haikuwa katika zile kurasa kumi na nne. Vijana wa kulima wana mkubwa wao, anaitwa nsumba ntale, na pale Isagala alikuwa Maganga, mtu mwembamba kama mpini, mwenye sauti ya watu watatu. Jirani akiwaonea jirani zake, hapigwi, hafungwi kamba. Anatengwa. Hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi. Akisema, hasikiki. Akifiwa, achimbe mwenyewe. Siku akichoka, anatoa mnyama, anaomba, nyama inaliwa na wote, kisha aliyeonewa anamkabidhi kaa la moto kutoka jikoni kwake. Hapo jambo limekufa, na atakayelitaja tena anatozwa yeye.

Maganga akawakusanya watu Jumapili, baada ya ibada, penye kisima.

"Mtu amehukumiwa, halafu waliomhukumu wenyewe wakasoma kwamba hana kosa, halafu bado anafukuzwa. Jirani anayefanya hivyo tunamfanyaje?"

"Kwani Wazungu ni jirani?" mmoja akauliza.

"Wanakaa wapi?"

"Pale ng'ambo ya bomba."

"Basi ni jirani. Asiyekuwa jirani ni yule anayekaa mbali."

Hoja ikapita. Wakatengwa Wazungu wote wa boma na wa mgodi. Maganga akaongeza, "Na karani."

Hawakugoma. Kugoma kuna sheria yake, na ina askari wake. Kila mtu alikwenda kazini kwa wakati, akafanya kazi aliyoiona mbele yake, akarudi. Lakini hakuna aliyesalimia, hakuna aliyejibu, hakuna aliyesikia. Nyapara wa Kizungu akipiga kelele shimoni, wachimbaji walitazama juu kama watu wanaopima mvua. Akina mama wa maziwa waliipita nyumba ya Meneja kana kwamba ni kichuguu. Wapishi walipika wali, wakaondoka. Hakuna aliyewauliza chumvi iko wapi akajibiwa.

Siku ya kwanza Bwana Shauri alipeleka ripoti Mwanza: "Utulivu umeongezeka kwa namna isiyo na mfano. Wenyeji wameacha porojo." Siku ya tatu alimwamuru Donatus aende naye kambini, na akawauliza kundi la watu ishirini kama wana malalamiko yoyote.

Watu ishirini wakatazama mahali aliposimama, kama mtu anavyotazama mahali paliposimama mti uliokatwa.

"Wanasemaje?" akauliza Bwana Shauri.

"Hawasemi, Bwana."

"Tafsiri!"

"Nimekwisha tafsiri, Bwana."

Bwana Shauri alikesha na vitabu vya sheria. Palikuwa na kifungu cha uchochezi, cha kukusanyika, cha kupiga ngoma bila kibali. Kifungu cha kutokusema hakikuwepo. Kwa miaka mingi Serikali ilikuwa imewataka watu wale wanyamaze, na haikuwahi kuwazia kwamba wangeweza kutii.

Donatus yeye hakuwa na sheria wala mpishi. Siku ya kwanza alikwenda kwa dada yake kama kawaida, akakaa, akasubiri. Eufrasia akampakulia mumewe, akampakulia Klara, akampakulia paka. Kisha akafunika chungu.

"Mama Klara," akasema Donatus, "mimi ndugu yako wa tumbo moja."

Eufrasia akamwambia paka, "Leo upepo unavuma mlangoni."

Akalala na mihogo mibichi miwili. Siku ya pili alipita mbele ya vibanda vyote vya kambi, tai imenyooka, na hakuna jicho lililomgusa. Aligundua kwamba katika maisha yake yote alikuwa akijiona mtu mkubwa kwa sababu ya zile shikamoo za njiani, na kwamba bila shikamoo yeye alikuwa suruali inayotembea. Siku ya kumi alinunua beberu, akamvuta hadi kisimani mbele ya watu wote, akavua tai kwa kuwa beberu alikuwa anaitafuna.

"Nimekosa," akasema. "Niliandika jambo nikijua si kweli. Niliandika vizuri, na hilo ndilo baya zaidi."

"Rudia kidogo," akasema Maganga, "huku nyuma hawakusikia."

Akarudia. Beberu akachinjwa, akaliwa, na Makoye akatoka jikoni kwake na kaa la moto juu ya kigae, akamkabidhi. "Shemeji," akasema, "karibu ukoke moto." Eufrasia akampakulia hadi akashindwa kuinuka. Hakuna aliyelitaja jambo lile tena, isipokuwa beberu, ambaye alimsumbua tumboni usiku kucha.

Asubuhi Donatus akaingia ofisini na hati ya ukurasa mmoja, yenye kichwa cha habari: Utaratibu wa Wenyeji wa Kumrejesha Mkosaji. Bwana Shauri akaisoma amesimama. Kwa wakati ule alikuwa hajasalimiwa siku kumi na moja. Alikuwa ameanza kumsalimia farasi wake. Na Mkuu wa Jimbo, kwa barua iliyokuwa mezani, alikuwa anakuja tarehe ishirini na tano kukagua hali ya uhusiano mwema.

"Kwa hiyo mimi ndiye mkosaji?"

"Hati haisemi nani, Bwana. Inasema utaratibu."

"Na kama sitaki?"

"Basi Mkuu wa Jimbo atafika, atawaambia watu hamjambo, na hakuna atakayejibu. Atataka nitafsiri."

Bwana Shauri akakaa. Akasoma tena mstari wa mwisho. "Hapa pameandikwa kaa la moto hukabidhiwa na aliyeonewa, nyumbani kwake, na si mtu mwingine yeyote."

"Ndivyo, Bwana."

"Lakini Makoye anafukuzwa mwisho wa mwezi. Hana nyumba."

"Ndivyo, Bwana," akasema Donatus, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaitazama dari. "Akiondoka, hakuna wa kulimaliza. Mtabaki hivyo hivyo. Nadhani ni mpaka mstaafu."

Mchana ule ule ikatoka amri kwamba, kwa sababu za kiutawala zisizohusiana na jambo lolote, jina la Makoye lirudishwe katika daftari la mgodi, arudi kwenye mashine yake, na nyumba namba arobaini iendelee kuwa nyumba yake na ya jamaa yake. Donatus aliipiga chapa nakala saba, ingawa zilitakiwa nne.

Eufrasia akaipokea nakala yake, akaitazama juu chini, akampa Klara aisome kwa sauti. Klara akaisoma yote. Kwenye neno "kiutawala" alikwama mara moja, akalivuka.

"Basi," akasema Eufrasia. "Waje."

Wakaja Jumamosi, Bwana Shauri mbele, Meneja nyuma yake, na Bwana Machozi ambaye aliomba azungumze kwanza kwa kuwa kazi ile aliizoea. Akasimama penye kisima. Akazungumzia utoto wake, mama yake, mbwa wake, na safari ndefu ya moyo. Kisha akalia. Alilia vizuri sana, kwa ustadi. Hata wanaomsimanga walikiri kwamba hawajaona mtu mzima akilia namna ile bila msiba. Donatus alitafsiri alichoweza, na penye kwikwi akatulia.

Alipomaliza, Maganga akakohoa. "Mwambie tumemwona. Sasa mnyama yuko wapi?"

"Anauliza mnyama," Donatus akasema.

Bwana Machozi akapangusa uso. "Lakini nimelia!"

"Mwambie hapa hatuli machozi," akasema Maganga. "Tunakula nyama. Na kwa ukubwa wa kosa lao, beberu hatoshi. Ni ng'ombe. Na asiwe wa kukonda."

Wakatoa dume la rangi ya moshi, la Meneja mwenyewe. Likaliwa na kambi nzima. Wazungu wakakaa chini kama desturi inavyotaka, wakapewa mwisho, na Meneja akasema hajawahi kula maini matamu vile. Bwana Machozi alikula pia, lakini kwa uchungu. Ilimwuma kwamba hakuna aliyepiga makofi. Wiki haikuisha, akaomba uhamisho hadi mahali penye redio.

Kukabaki salamu. Maana mkosaji, akishakula na watu, hupita nyumba kwa nyumba asubuhi inayofuata kusalimia, kila mlango kwa mdomo wake mwenyewe, bila mkalimani. Bwana Shauri alikariri neno moja usiku kucha. Akaanza nyumba namba moja, kofia mkononi, Donatus akimfuata nyuma hatua tatu kama mtu aliyetokea tu njia ile ile.

"Mwangaluka," alisema Bwana Shauri, kwa matamshi ya mtu mwenye jiwe mdomoni.

"Mwangaluka, Bwana," nyumba ikajibu.

Thelathini na tisa zikajibu. Shingo ilikuwa imemwiva kwa jua alipofika namba arobaini. Eufrasia alikuwa anatwanga. Akatwanga mara tatu zaidi, si kwa kiburi, mahindi yalikuwa karibu kulainika. Akauegemeza mchi.

"Mwangaluka, Bwana. Umeamkaje?"

Swali hilo halikuwa katika yale aliyokariri. Bwana Shauri akafungua mdomo, akaufunga, akajibu kwa Kiswahili, "Vizuri. Asante, Mama Klara." Alikuwa hajawahi kumwita mtu yeyote wa kambini kwa jina la mwanawe.

Makoye akatoka na kaa la moto kwenye kigae, akampa kwa mikono miwili. Bwana Shauri akalipokea kwa mikono miwili, akawa hajui aliweke wapi, akalishika tu.

"Sasa yamekwisha?" akauliza.

"Yamekwisha," akasema Makoye. "Sasa wewe ni mtu kama watu."

"Nashukuru sana."

"Na mtu kama watu," akasema Eufrasia, "hasimami uani mwa wenzake mikono imekaa bure. Gogo lile pale. Shoka liko nyuma ya mlango."

Bwana Shauri akageuka kumtafuta mkalimani. Mkalimani alikuwa amepata jambo la kuangalia kwenye paa la jirani.

Basi Bwana Shauri akaweka kaa la moto chini, akavua koti, akalichukua shoka. Milango ikafunguka. Watu wakatoka mmoja mmoja, wakasimama kuzunguka ua, akina mama na vikapu vyao, wachimbaji wa zamu ya usiku macho mekundu, Klara na daftari lake. Hakuna aliyecheka. Walitazama kwa makini, kama wanavyotazama watu wenye jukumu la kuamua. Shoka likapanda juu, likashuka, likalikosa gogo kwa shubiri nzima, likazama ardhini kando ya kiatu cha Serikali. Gogo likaanguka lenyewe, kwa woga.

"Hana mgongo," akasema Maganga.

"Mgongo anao," akasema mama mmoja wa maziwa. "Hakufundishwa."

"Kwa umri ule?"

"Kwani kwao nani hupasua?"

Wakatazamana. Jambo lilikuwa zito na lilikuwa na pande mbili. Mwisho macho yote yakamwendea Makoye, kwa kuwa ua ulikuwa wake, na kuni zilikuwa zake. Bwana Shauri naye akamtazama, jasho likimtiririka, shoka bado limekwama udongoni, uso mwekundu kama nyanya ya soko la Runzewe. Alisubiri.

Makoye akamkagua kutoka viatuni hadi utosini, bila haraka, kama anavyomkagua mtu mpya aliyeletwa kushika mashine. Kisha akainama, akaling'oa shoka kwa mkono mmoja, akalisimamisha gogo tena, akalithibitisha kwa mguu lisiyumbe.

"Mara hii, Bwana," akasema, "legeza mabega."